Skrini ya bluu: usipige windo kabla hujasoma ilichoandika

Peleka laptopu inayokatika kwa skrini ya bluu kwa fundi yeyote mjini Tabora, na kabla hujamaliza kueleza utasikia: "Tupige windo." Windo linapigwa, yaani Windows inafutwa na kuwekwa upya, unalipa, unarudi nyumbani. Wiki mbili haziishi, bluu hiyo tena. Safari hii hata kumbukumbu za makosa ya mwanzo hazipo, maana zilifutwa pamoja na windo la zamani.

"Bluu maana yake kuna kirusi."

Mara chache sana. Mwenye kirusi anataka mashine yako iendelee kuwaka ili aibe nywila au atumie intaneti yako. Ikizima haimfai kitu. Skrini ya bluu ni Windows yenyewe imejisimamisha kwa makusudi, kwa sababu kiini chake kimekutana na jambo ambalo kikiendelea nalo kinaweza kuharibu data. Wanaosababisha ni wale wale: draiva mbovu (programu inayoongoza kifaa fulani), RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), diski, au ubao mama (motherboard). Tena mlinzi naye huweza kuwa ndiye mkosaji. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5 duniani. Kwa hiyo ukikuta laptopu ina programu mbili za kuzuia virusi, anza kwa kuondoa moja.

"Yale maandishi ni ya wataalamu, na ukipiga picha kile kimraba utapata jibu."

Kile kimraba cha kuskani kinakupeleka kwenye ukurasa wa maelezo ya jumla tu. Kinachotakiwa ni mstari wa herufi kubwa zilizounganishwa kwa vistari, na kama kuna jina la faili linaloishia na .sys, yaani faili la draiva, hilo ni dhahabu. Piga picha kwa simu. Kwenye Windows 11 iliyosasishwa kuanzia 2025 skrini yenyewe imekuwa nyeusi badala ya bluu, lakini mstari huo upo.

Umechelewa kupiga picha? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, utaona kalenda ya siku zote mashine ilipoanguka. Ukitaka zaidi andika eventvwr, ingia kwenye kumbukumbu za System, tafuta tukio namba 41 la Kernel-Power, kisha fungua maelezo yake uone thamani ya BugcheckCode. Hapa wengi hupotea: namba hiyo imeandikwa kwa desimali, yaani namba za kawaida, wakati orodha za makosa hutumia heksadesimali, zile zinazoanza na 0x. 26 ni 0x1A, yaani MEMORY_MANAGEMENT. 122 ni 0x7A, KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR, na hapo macho yaende kwenye diski kwanza. 159 ni 0x9F, draiva iliyogoma mashine ikilala au ikiamka. 292 ni 0x124, WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, processor inalalamikia vifaa. Ukikuta 0, kwa kawaida hapakuwa na bluu kabisa: umeme ulikatika ghafla, joto lilizidi, au mtu alishikilia kitufe cha kuzimia.

Kosa moja halitoshi kumhukumu mtu. Subiri matatu. Yakiwa yale yale na faili lile lile la .sys, shika draiva hiyo. Yakibadilika kila mara, leo hili kesho lile, RAM ndiyo ya kwanza kushukiwa.

"Ni huu umeme wa kukatika-katika."

Laptopu yenye betri nzima haijui kama umeme umekatika. Shida ni betri iliyokufa, ile inayoitwa "ya kushikizia", ambayo umeme ukienda na laptopu inazima papo hapo. Ikizima hivyo katikati ya kusasisha Windows, mafaili ya mfumo yanabaki nusu nusu, na bluu inakuja siku nyingine kabisa. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /batteryreport, kisha linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Mafaili yaliyoharibika hurekebishwa kwa DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ambayo inahitaji bando, halafu sfc /scannow.

"Nimeshaizima na kuiwasha mara kumi."

Kama Fast Startup imewashwa, Shut down haizimi yote: kiini na draiva huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa vilevile. Tumia Restart.

"Ongeza RAM itatulia."

RAM ndogo hufanya mashine ichoke. Haileti bluu kwa udogo wake. RAM mbovu, au iliyokaa vibaya, ndiyo inaleta. Na hapa Tabora, ambako laptopu nyingi ni za mtumba, kuna mtego mmoja: aina mbili za RAM, DDR3 na DDR3L, zinaingia kwenye sloti moja, ila ya kwanza hutumia volti 1.5 na ya pili 1.35. Laptopu nyingi za Intel za kizazi cha 4 zinataka DDR3L tu. Ukichomeka ile nyingine, ama haiwaki, ama inawaka na kuanguka hovyo. Kwenye stika tafuta herufi PC3L. Ikiwa PC3 peke yake, rudisha dukani.

Kupima si kazi kubwa. Zima huku umeshikilia Shift, chomoa chaja, fungua kava ya chini, chomoa waya wa betri. Gusa chuma chochote kikubwa kuondoa chaji mwilini. Sukuma vibanio viwili vya pembeni kwenda nje, na kipande cha RAM kitainuka chenyewe kimelala mshazari. Kivute kwa mshazari huohuo, usikinyanyue wima. Futa meno yake ya dhahabu kwa kitambaa safi chenye spiriti kidogo, acha yakauke kabisa. Ukirudisha, sukuma mpaka meno yakaribie kufichika, ndipo ukandamize chini mpaka vibanio vilie *tik*. Kama ni vipande viwili, acha kimoja tu, kisha washa kwa flashi yenye MemTest86, programu ya kupima RAM, na uiache ipite mara 4. Ni kazi ya saa kadhaa, iache usiku. Kosa hata moja likitokea, jaribu kipande hicho kwenye sloti ya pili; likirudi, kipande hicho hakifai. Likipotea, sloti ndiyo yenye matatizo.

"Inapata moto, ndiyo maana."

Processor ikizidi joto hupunguza kasi, na ikizidi zaidi laptopu inakata giza bila kuandika neno. Hilo si bluu. Hata hivyo, kwa vumbi la kiangazi cha Tabora, hakikisha njia ya hewa: kati ya feni na mabati ya kupoozea hujengeka utando mzito kama kipande cha blanketi, nao hauonekani mpaka feni ing'olewe. Ukipuliza kwa blowa, zuia feni isizunguke kwa kijiti cha meno, vinginevyo utaua beringi.

"Piga windo, litakwisha."

Linakwisha kama tatizo lilikuwa mafaili au draiva. RAM, diski na ubao havisikii windo. Tena lile windo la kwenye flashi ya fundi mara nyingi ni moja kwa laptopu zote, limebebeshwa rundo la draiva za kubahatisha. Draiva zichukuliwe kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu, kwa namba ya modeli iliyo chini ya mashine, si kwenye programu zinazodai kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja.

Kabla ya windo lolote, fungua CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski. Kwenye hadi diski (hard disk) tazama mistari 05, C5 na C6. Thamani ghafi isiyo sifuri kwenye C5 au C6 maana yake kuna sekta, yaani vipande vya diski, ambazo diski imeshindwa kuzisoma. Nakili mafaili yako *kwanza*. Watu hukimbilia chkdsk /r, na amri hiyo husoma diski yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, kazi ambayo diski inayokata roho inaweza isiimalize.

Ikiwa RAM imepita, diski ni safi, vumbi limetoka, windo ni jipya na bado WHEA inarudi, hapo ni ubao au processor. Ng'oa diski ubaki nayo, ndipo laptopu ipande basi kwenda Mwanza au Dar.