Utendi, utenzi na ile filamu ya Kirk Douglas

“Utenzi gani huu, vita vyenyewe viko wapi?”

Shemeji yangu aliyasema hayo tukiwa katikati ya Ulysses, filamu ya Kiitalia ya mwaka 1954 iliyoongozwa na Mario Camerini, Kirk Douglas akiwa ndiye Odysseus, shujaa wa Kigiriki anayehangaika kurudi kwao baada ya vita vya Troya. Binamu yake, aliyesoma fasihi mpaka kidato cha sita na hataki tusahau, akamjibu kuwa utenzi si lazima uwe na vita, ila hawa Waitalia wamemharibia Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, utenzi wake wa Odisea: Calypso, yule mungu wa kike aliyemzuia Odysseus kisiwani mwake, katupwa nje, na mwigizaji mmoja, Silvana Mangano, kapewa Penelope, mke wa Odysseus, na yule mchawi Circe kwa pamoja. Shangazi, ambaye muda wote alikuwa akichambua mchele, akasema yeye hapo ndipo alipopapenda. Mwanamume aliyekaa mbali na nyumba yake miaka yote hiyo, kila mwanamke atamwona ana sura ya mkewe.

Kwenye hilo niko na shangazi. Tena yeye peke yake ndiye hakulitumia neno lenyewe, utenzi, kwa hiyo hakulikosea.

Utendi ni masimulizi marefu ya kishairi kuhusu shujaa ambaye mambo yake yanawagusa watu wake wote. Ndicho wengine wanachokiita epiki. Utenzi ni umbo la shairi: kila ubeti una vipande vinne, kila kipande kwa kawaida mizani nane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kina kina chake kinachorudi ubeti hadi ubeti mpaka shairi liishe. Moja ni habari, jingine ni chombo cha kuibebea. Maana haina zaidi ya hapo.

Kazi iko kwenye asili ya maneno yenyewe, maana yote mawili yametoka kwenye kutenda, na yamezaliwa kama mapacha. Kiswahili kina tabia ya kuigeuza d kuwa z kinapounda nomino: penda ikatoa mpenzi, linda ikatoa mlinzi. Lakini hakifanyi hivyo kila mara, ndiyo maana aliyeshinda ni mshindi na hajawahi kuwa mshinzi. Kwa kutenda tulipata yote mawili. Watu wa Lamu na Pate walisema utendi, huku kusini na katika Kiswahili sanifu likashika utenzi, na kwa muda mrefu lilikuwa neno moja lenye lafudhi mbili. Wanazuoni wa fasihi ndio waliokuja kuona kwamba tuna maneno mawili na dhana mbili, wakagawa: utendi ubaki kwa masimulizi ya kishujaa, utenzi kwa umbo. Mgawo mzuri, ila ulifika wakati mashairi yalishapewa majina.

Matokeo yake ni kama haya:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Hesabu mizani: nane, nane, nane, nane. Hiyo n ya binti na m ya mchachefu zihesabu peke yake, ndipo utapata. Ti, ti, ti, halafu a. Ni Mwana Kupona, mwaka 1858, mgonjwa, anamwita binti yake asogee amuusie. Hakuna upanga wala jahazi linalozama. Ni mama anayemfundisha mwanawe adabu na namna ya kuishi na mume. Umbo ni utenzi mtupu. Na jina lake? Utendi wa Mwana Kupona. Kwa hiyo mwanafunzi akichanganya simlaumu sana. Nawalaumu wanaosahihisha wenzao huku wamechanganya.

Yako mashairi yanayobeba yote mawili. Utenzi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, ni utenzi kwa umbo na utendi kwa habari. Na hapo shemeji ajibiwe pia kuhusu vita, maana Liyongo hatoki kifungoni kwa kupigana. Anatoka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, anaukata mnyororo huku nje ngoma na upatu vimechanganya kelele, na walinzi hawasikii lolote. Odysseus naye ni wa ukoo huo. Neno la kwanza kabisa la Iliadi, utendi mwingine wa Homer, ule wa vita vya Troya, ni ghadhabu. La Odisea ni mtu, kisha anaelezwa kuwa ni mtu wa mizunguko mingi. Anayetafuta majeshi amefungua Odisea badala ya Iliadi.

(Mgiriki, kama mnamtaka, hata Pate alifika. Utendi wa Tambuka, wa Mwengo wa Athumani, mwaka 1728, unamhusu Herekali, ambaye ni Heraclius, mfalme wa Rumi aliyetawala kutoka Konstantinopoli, mji uliokuwa ukizungumza Kigiriki. Huo nao una habari na umbo vyote viwili, na vita humo mtashiba.)

Sasa Homer. Odisea ina vitabu 24 na mistari zaidi ya 12,000, na hakuna hata mistari miwili iliyokusudiwa kufunga vina. Kigiriki cha kale kilipima silabi ndefu na fupi, hatua sita kwa kila mstari, basi. Ndiyo kusema Odisea ni utendi, ila utenzi si wake hata kidogo. Na epiki yenyewe inatokana na epos, neno la Kigiriki lenye maana ya neno, usemi, kitu kilichotamkwa. Ukubwa haumo, wala umati wa watu wenye mikuki. Tangazo la filamu likisema “epiki” kwa sababu farasi wamekodiwa wengi, hilo ni la mwenye tangazo.

Kinachonikera mimi kwenye filamu hii kiko hapo kwenye kutamka. Kwa Homer, Odysseus anafika ugenini kwa watu waitwao Wafayakia, anakaa karamuni, na mwimbaji kipofu Demodocus anaimba habari za Troya bila kujua mwenyewe wa habari hizo yuko mbele yake. Odysseus anavuta joho lake akajifunika uso wasimwone akilia. Kisha anaulizwa yeye ni nani, ndipo anaanza kusimulia, vitabu vinne vizima, cha 9 hadi cha 12: lile zimwi la jicho moja, Circe, wafu, Sireni, wale waimbaji wa baharini. Tunayasikia kutoka kinywani mwake. Camerini akamfanya amepoteza kumbukumbu, akamsimamisha ufukweni peke yake, mambo yakamrudia kichwani. Picha ni nzuri, na Kirk Douglas ana macho ya kazi hiyo. Lakini msimulizi kaondoka, na wasikilizaji wameondoka naye. Binamu alie na hilo, Calypso amwache.

Basi, shemeji, mwakani tukiitazama tena, sema kwamba ni filamu iliyotokana na utendi. Neno utenzi mwachie Mwana Kupona, hata kama jina la shairi lake linanikana. Malalamiko yako mengine yabaki kama yalivyo, isipokuwa lile la vita: Odysseus alipovuta upinde, na wale waliokuwa wakimposa Penelope wakaanza kuanguka, wewe ulikuwa umeshalala, na shangazi alikufunika kanga.