Riwaya ya Mfululizo: Mfano wa Charles Dickens

Riwaya ya mfululizo ni riwaya inayowafikia wasomaji sehemu baada ya sehemu, kila wiki au kila mwezi, na mara nyingi sehemu za mwanzo huwa zimekwisha kusomwa ilhali mwandishi hajaandika za mwisho. Uingereza ilikuwa na mtindo huu kabla ya Charles Dickens, lakini uliwika hasa kuanzia Aprili 1836, riwaya yake ya kwanza, The Pickwick Papers, ilipoanza kutoka, naye akiwa na umri wa miaka 24.

Kwa kawaida sehemu moja ilikuwa kijitabu chenye kurasa 32 za hadithi na michoro miwili, kikiuzwa shilingi moja. Riwaya mpya ya juzuu tatu iliuzwa shilingi 31 na nusu, bei ambayo watu wengi hawakuimudu. Pickwick ilianza na takriban nakala 1,000. Ilipokwisha mwaka 1837, kila sehemu ilikuwa ikiuzwa nakala zipatazo 40,000.

Hata hivyo, unafuu wa bei ni nusu tu ya maelezo. Kwa maoni yangu, jambo kubwa zaidi ni kwamba msomaji aliweza kusikika kabla hadithi haijafika mwisho. Mauzo ya riwaya yake Martin Chuzzlewit yalipodorora mwaka 1843, Dickens alimsafirisha mhusika wake mkuu hadi Marekani. Alipokuwa akiandika David Copperfield, mwanamke mmoja mfupi sana wa kimo alijitambua katika Bi Mowcher, mhusika aliyechorwa kwa kejeli, akaumia na kumlalamikia. Dickens alikubali kurekebisha, na Bi Mowcher aliporejea katika sehemu ya baadaye, alikuwa mtu mwenye utu, anayesema waziwazi jinsi dharau za watu zinavyomchoma.

Uhuru huo wa kubadilisha hadithi njiani ulikuwa na gharama, kwa sababu kilichokwisha kuuzwa hakikuweza kufutwa, na tarehe ya kuchapa haikungoja. Shemeji yake, Mary Hogarth, alipofariki Mei 1837, sehemu ya Juni ya Pickwick haikutoka. Dickens mwenyewe alifariki tarehe 9 Juni 1870 akiwa katikati ya The Mystery of Edwin Drood, iliyopangwa kuwa na sehemu 12. Zilizochapishwa ni sita tu, na yaliyompata Edwin Drood hayakuandikwa.