Haidroliki moja ikikata, helikopta haianguki

Imani ya siku nyingi inasema helikopta nyepesi yenye mfumo mmoja wa haidroliki (unaotumia shinikizo la mafuta) ikipoteza shinikizo hilo, rubani hana lake tena. Si kweli. Haidroliki humwongezea rubani nguvu tu, kama pawa ya usukani kwenye gari. Vyuma vinavyounganisha mikono yake na rota (mapanga yanayozunguka) hubaki palepale. Helikopta ndogo ya Robinson R22 haina haidroliki kabisa. Kwenye helikopta za R44 na Bell 206, marubani hufundishwa kuizima makusudi wakiwa angani, kisha kutua hivyo hivyo.

Helikopta ya AS350 ni nzito zaidi mkononi. Ndiyo maana ina matangi madogo ya akiba ya shinikizo, yanayompa rubani nafasi ya kupunguza mwendo. Nafasi hiyo ni fupi mno, isichukuliwe kirahisi.

Na mifumo miwili ya haidroliki? Ni hatua njema, ila haimalizi yote. Tarehe 3 Julai 2015, huko Frisco, Colorado, AS350 B3e (toleo la AS350) yenye mifumo miwili ilianguka punde tu baada ya kupaa. Wachunguzi wa Marekani walibaini kwamba pedali za rota ya mkia (zinazogeuza pua ya helikopta) zilikosa msaada wa haidroliki: ukaguzi wa kabla ya kuruka ulimaliza shinikizo la mfumo huo wa mkia, na hapakuwa na onyo la wazi la kumzindua rubani kwamba halijarudi.