Ukitoa maneno kwenye wimbo, tarumbeta iseme nini?

Suali ninaloulizwa kila tukishuka jukwaani ni hilohilo, "mwimbaji wenu kenda wapi leo?" Hakwenda pahala yakhe, hatuna. Mie kazi yangu ni kuarenji, yaani nauchukua wimbo unaojulikana na watu halafu nauandikia nota bendi ipige mtupu, matarumbeta, matromboni na masaksafoni basi, hamna anaefungua mdomo kuimba. Na hapa Unguja ambapo mtu anavaa kanzu anakwenda taarabu kusikiliza nani kapigwa fumbo, unampa wimbo hauna neno hata moja, anakuangalia kama umemuuzia urojo hauna bajia.

Bigi bendi ya jazi ikitimia ni watu 17, saksafoni 5, tarumbeta 4, tromboni 4, halafu piano, gitaa, besi na dramu. Sisi tuko 11 na siku ya mvua tuko 8. Nusu ya wapulizaji nimewatoa kwenye beni za harusi na hao ndo walionifaa zaidi, manake mtu wa beni kazoea kuupiga wimbo barabarani huku kina mama wanauimba wenyewe, hana haja ya kufundishwa kuwa maneno yapo hata kama hayaimbwi.

Na wakubwa wa jazi walifanya hivohivo na nyimbo za redioni za wakati wao. Count Basie 1966 alirikodi albamu nzima ya nyimbo za Beatles, kaarenji Chico O'Farrill, mtu wa Kuba, na Duke Ellington nae alizipiga za hao hao. Wako wanaosema ilikuwa kutafuta pesa tu, mie sikatai, katika albamu za namna hiyo za miaka ile nyengine zinajulikana kabisaa kuwa zimefanywa mbiombio, lakini mle ndani ukisikiliza kwa makini unaona fundi anavotatua tatizo, na tatizo lenyewe ndo hili letu.

Tatizo ni beti. Mwimbaji anaimba beti ya kwanza, ya pili, ya tatu, sauti ni moja lakini maneno yanabadilika kwa hivo huchoki. Toa maneno, sasa umeniambia kitu kimoja mara tatu. Kwa hivo lazima rangi ya sauti ibadilike, yaani chombo kinachopiga. Mie beti ya kwanza nawapa masaksafoni wapige wote sauti moja, chini chini, kama mtu anaanza kuhadithia. Ya pili inakwenda kwa matromboni na matarumbeta wanajibu nyuma na kipira. Kipira gani? Kile cha kuzibulia choo! Si mzaha, kwenye bendi ya Ellington ya miaka ya 1920 Bubber Miley kwenye tarumbeta na Tricky Sam Nanton kwenye tromboni walijulikana kwa hichohicho, unatoa mti unabaki na mpira, unaufunika na kuufunua mbele ya mdomo wa tarumbeta na chombo kinaanza kunung'unika kama mtu anaeteta. Nilipokwenda Darajani kununua vinne mwenye duka akanipa pole, akauliza nyumba yetu ina vyoo vingapi.

Ila siri kubwa kuliko zote si rangi, ni ulimi, yaani vile mpulizaji anavoianza nota kwa ulimi wake. Chukua Muhogo wa Jang'ombe, wimbo wa Siti binti Saad ambao Bi Kidude nae aliuimba mpaka uzeeni. Mara ya kwanza kuupiga mazoezini nota zote zilikuwa sawa na wimbo haukuwa wenyewe. Tumehangaika siku mbili nzima. Kumbe vijana walikuwa wanaigonga nota ya mwisho ya kila sentensi, pa!, kama wanavosikia kwenye rikodi za Kimarekani, na Kiswahili hakisemwi hivo, uzito unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Mu-HO-go. Ja-NG'O-mbe. Ukigonga ile "mbe" unakuwa kama mgeni bandarini anaekwambia asanTE. Na hiyo "ng'o" yenyewe haianzi kwa kishindo, inatokea puani, kwa hivo kwenye tarumbeta usiipige kwa ulimi wa "ta", ipige "da" laini au iunganishe na ya nyuma yake. Tokea siku hiyo kwangu hapulizi mtu mpaka auimbe kwanza, kwa maneno, tena kwa sauti. Mpiga saksafoni ya baritoni wetu sauti yake wallahi ni adhabu lakini anaimba.

Makosa yangu pia yapo. Saksafoni ya alto inasoma funguo nyengine na tarumbeta inasoma nyengine, tukiwa G maina tarumbeta na saksafoni ya tena wanaandikiwa A maina, alto E maina. Usiku mmoja umeme umekatika naprinti kwa haraka kabla betri haijafa, nikawapa maalto karatasi za tena. Kesho yake wao wako C maina wengine wote G, na hakuna alienyanyua mkono, walidhani ndo jazi.

Nyimbo za bayati, ile maqamu ya Kiarabu, siku hizi naziogopa. Ile nota iliyo katikati ya nota, fidla na udi wanaipata bila tabu, tromboni anaivuta anaipata pia, tarumbeta na saksafoni wanaitafuta kwa midomo na mara nyingi wanatua jirani. Nikiwa nayo bayati nampa tromboni peke yake, wengine wanyamaze.

Mwisho wa wimbo lakini nimeiba waziwazi. April in Paris ulikuwa wimbo wa tamthilia wa 1932, Basie akaurikodi 1955 kwa arenji ya Wild Bill Davis, bendi inamaliza, Basie anasema "mara moja tena", wanarudia mwisho, anasema vilevile. Tukaijaribu harusini Mwanakwerekwe. Tumemaliza, vigelegele, tukarudia. Vigelegele tena, tukarudia. Mara ya tatu bibi mmoja kasimama mbele ya tromboni ananyoosha noti ya elfu kumi, anaimba beti nzima ambayo mie hata sikuiandika, na bendi ikabidi imfuate yeye.