Povu la siki na bekingi soda halisafishi
Nairobi wengi huchanganya siki na bekingi soda wakiamini povu ndilo linalong'oa uchafu. Lile povu ni gesi ya kaboni dioksidi tu. Asidi (siki) na alkali (bekingi soda) huzimana nguvu, unabaki na maji yenye chumvichumvi. Tumia kimoja kimoja. Birika lina ukoko mweupe wa maji ya kisima? Siki kikombe 1, maji kikombe 1, chemsha, acha dakika 30, suuza mara 2. Sinki yenye mafuta hutaka bekingi soda vijiko 3 na maji kijiko 1, usugue kwa kitambaa chenye unyevu. Sufuria za alumini ziepushe na bekingi soda, maana huzitia weusi. Na tafadhali, siki isikutane kamwe na jiki: hutoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu.