Je, wajua kwa nini sanduku lililopita katika ndege moja ya Ulaya hukataliwa katika nyingine?

Msafiri anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kwa ndege ya KLM anaweza kufika Amsterdam akiwa na sanduku la mkononi lenye urefu wa sentimita 55, upana wa 35 na unene wa 25, pamoja na mkoba mmoja mdogo, na mradi vyote viwili kwa pamoja havizidi kilo 12, hakuna atakayemuuliza neno. Siku chache baadaye msafiri huyohuyo hununua tiketi ya bei nafuu ya kwenda Roma au Barcelona kumtembelea ndugu, akaenda uwanjani na sanduku lilelile, na anapofika langoni akaelezwa kwamba ni kubwa mno na kwamba lazima alilipie. Sanduku halikuongezewa hata soksi moja. Kosa liko wapi?

Jibu la kwanza ni kwamba Ulaya haina kipimo kimoja cha kisheria cha mzigo wa mkononi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1008 ya mwaka 2008 inazipa kampuni za ndege uhuru wa kujipangia nauli, na ukubwa wa mzigo unaoingia katika nauli hiyo umeachwa mikononi mwao. Swali hili lilifika mbele ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kwa njia ya mzunguko. Abiria mmoja wa Hispania alikuwa amenunua tiketi za watu wanne kutoka A Coruña kwenda Amsterdam kwa ndege za Vueling, akatozwa euro 40 zaidi kwa masanduku mawili ya kupakiwa chini, naye akalalamika. Katika hukumu ya Septemba 2014, mahakama ilisema kwamba kampuni inaweza kutoza mzigo unaopakiwa chini, lakini mzigo wa mkononi ni sehemu isiyoepukika ya safari na haufai kutozwa, mradi uzito na vipimo vyake viwe vya kiasi. Neno hilo, kiasi, halikuwekewa sentimita wala kilo. Ugomvi wote uliofuata umepita katika mwanya huo mmoja.

Haikukosekana jitihada ya kuweka kipimo cha pamoja. Juni 2015 IATA, chama cha kimataifa cha kampuni za ndege, kilipendekeza sanduku la sentimita 55 kwa 35 kwa 20 litambuliwe na kampuni zote, likiwa na alama maalumu ili abiria asihangaike. Upinzani ulikuwa mkali, hasa kutoka Amerika Kaskazini, na pendekezo likasimamishwa mwezi huohuo.

Ili kuzielewa kampuni zenyewe, inafaa kuingia ndani ya ndege. Boeing 737-800 zinazotumiwa na Ryanair, kampuni ya Ireland ya nauli nafuu, zina viti 189, ilhali makasha yaliyo juu ya viti huchukua masanduku makubwa ya mkononi yapatayo 90. Kila abiria akija na sanduku lenye magurudumu, nusu yao hawatapata pa kuliweka. Wa mwisho kuingia watafungua kasha moja baada ya jingine, watakwama katika njia nyembamba huku wenzao wakiwasubiri nyuma, kisha watarudishwa mlangoni ili masanduku yashushwe kwa mkono na kupakiwa chini. Kwa kampuni iliyopanga ndege itue, ishushe watu, ipakie wengine na kuondoka ndani ya dakika 25, vurugu ya namna hiyo huchelewesha safari zote za siku iliyobaki. Hoja hii ni ya kweli, na siyo haki kuipuuza.

Hata hivyo, kuna hoja ya fedha, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito zaidi siku hizi. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2025, Ryanair ilipata takriban euro bilioni 14, na kati ya hizo karibu theluthi moja haikutoka kwenye tiketi zenyewe bali kwenye huduma za ziada kama mizigo, kuchagua kiti na vinywaji. Nauli inayoonekana kwenye simu ni ndogo kwa sababu imevuliwa kila kinachoweza kuvuliwa, na sanduku ni miongoni mwa vilivyovuliwa. Tangu Novemba 2018, abiria wa Ryanair au Wizz Air mwenye tiketi ya chini kabisa anaruhusiwa begi dogo la chini ya kiti tu, nayo easyJet ikafuata Februari 2021.

Tofauti huonekana wazi zaidi ukigeuza sentimita kuwa lita. British Airways inakubali sanduku la 56 kwa 45 kwa 25, ambalo ni lita 63, na mkoba juu yake. Sanduku la KLM ni lita 48. Begi la bure la easyJet, 45 kwa 36 kwa 20, ni lita 32 na kidogo. La Wizz Air, 40 kwa 30 kwa 20, ni lita 24. Ryanair kwa miaka mingi iliruhusu 40 kwa 25 kwa 20, yaani lita 20 kamili, kiasi cha ndoo moja ya kawaida ya kuchotea maji. Mwaka 2025 ikapandisha hadi lita 24. Uzito nao hutofautiana: Lufthansa huishia kilo 8 kwa sanduku la mkononi, ilhali British Airways hufika hadi kilo 23, mradi mwenyewe uweze kulinyanyua hadi kwenye kasha.

Vipimo vyote hivi vinahesabu mpini, magurudumu na mifuko ya nje, na hapo ndipo watu wengi huumia bila hatia. Niliwahi kumsaidia mama mdogo kufungasha kwa ajili ya safari ya siku nne, naye alikuwa amenunua sanduku jipya lenye lebo ya sentimita 55. Nilimwambia tulipime hata hivyo. Akaniangalia kwa huruma: "Mwanangu, si wameandika hapa?" Tulilisimamisha kwenye sakafu, likagusa ukuta, nikalaza kitabu juu ya mpini uliofungwa, kisha nikapima kwa futi kamba kutoka sakafuni hadi chini ya kitabu. Zilikuwa sentimita 58. Aliyeandika lebo alipima ganda la sanduku peke yake, na magurudumu yakawa hayahusiki. Kwenye kile kifaa cha kupimia kilichopo langoni, sentimita tatu hizo ndizo zinazobaki nje, na faini ya langoni huweza kuzidi bei ya tiketi. Kwa Ryanair hufika hadi euro 75. Mama mdogo alisafiri na begi la kitambaa la mgongoni, ambalo hujikunja na kuingia mahali ambapo ganda gumu lingekataa.

Serikali zimeanza kuingilia kati. Novemba 2024, wizara ya Hispania inayoshughulikia haki za walaji iliziadhibu kampuni tano, zikiwamo Ryanair, Vueling na easyJet, kwa faini ya jumla ya euro milioni 179 kwa sababu ya kutoza mizigo ya mkononi na matendo mengine, nazo zikapinga. Juni 2025, kamati ya uchukuzi ya Bunge la Ulaya iliunga mkono kila abiria apewe bila malipo mkoba wa 40 kwa 30 kwa 15 na begi la kilo 7 ambalo urefu, upana na unene wake ukijumlishwa havizidi sentimita 100. Fanya hesabu kabla ya kushangilia: sanduku la 55 kwa 35 kwa 25 linajumlika kuwa 115, kwa hiyo hata pendekezo hilo lingeliacha nje.

Kwa sasa, soma masharti ya kampuni inayoirusha ndege yenyewe, si ya tovuti iliyokuuzia tiketi, na kama unahitaji sanduku kubwa, lilipie wakati wa kununua tiketi, kwani bei huwa juu zaidi ukisubiri hadi langoni. Koti zito na viatu vizito vivae mwilini. Na ikitokea makasha yamejaa na sanduku lako likachukuliwa kwenda chini, lifungue kwanza pale pale utoe pasipoti, dawa na pawabenki, kwa maana betri hizo zinaweza kushika moto na haziruhusiwi kabisa katika chumba cha mizigo.