Nani kasema huria ni bure?

Juzi nimeulizwa tena. Mkutano wa mtandao wa intaneti wa kijiji unakaribia kufungwa, watu wameshaanza kubeba viti, mzee mmoja akanyoosha mkono: "Fundi, ulituambia programu zenu ni za bure. Sasa huu mchango wa kila mwezi ni wa nini?"

Mimi sikusema bure. Nilisema huria, mara tatu, na katibu akaandika "bure" ubaoni.

Waingereza nawasamehe. Neno lao, "free", ni moja kwa maana zote mbili, na tangu Richard Stallman atangaze GNU, mradi wake wa programu huria, mwaka 1983 wanahangaika kujieleza. Sisi kisingizio hicho hatuna. Mtu akisikia "soko huria" habebi kapu akitegemea kujaziwa bila kutoa senti. Mbona ikifika zamu ya programu akili zinahama? Tena hilo "bure" lina sumu yake: kujisumbua bure, maneno ya bure, mtu bure kabisa. Ipachike programu jina hilo, halafu ikorofishe siku moja tu, utasikia: "Si ya bure hiyo, ulitegemea nini?"

Uhuru wenyewe ni kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuichungulia na kuibadilisha, kuigawa, na kugawa uliyoibadilisha. Bei haimo. Tuendelee.

Pesa za mtandao wa kijiji zinaliwa na intaneti tunayonunua kwa jumla, milingoti, sola, betri, na mtu wa kupanda juu mvua ikishapiga. Kiungo cha redio cha kilomita 10 kwenye masafa ya GHz 2.4 hakiridhiki na antena mbili kuonana tu. Ukanda wa Fresnel, yaani eneo la hewa ambalo mawimbi hupitia kuzunguka mstari wa antena hizo, katikati ya njia una nusu kipenyo cha karibu mita 18, na walau asilimia 60 ya hiyo iwe wazi. Mti ukirefuka, unaongeza mlingoti au unaomba ruhusa ya kukata tawi. Hakuna leseni ya programu inayokata matawi.

Basi huria inatusaidia nini? Hapa ndipo huwa napandwa na mori, maana jibu zuri lipo na hakuna anayeliuliza.

Chukua laini ya megabiti 10 inayogawanywa na kaya arobaini. Jioni malalamiko ni yale yale: intaneti imekufa, nunueni kubwa zaidi. Siku moja nilikaa na laptopu chini ya mlingoti, nikaacha ping, kipimo cha muda wa ujumbe kwenda na kurudi, ikimbie. Milisekunde 40, 45, 40, kisha ghafla 1,800. Kumbe simu moja ilikuwa inapandisha video. Laini haikuwa ndogo kiasi hicho. Foleni ndiyo ilikuwa ndefu. Mtengenezaji wa kifaa kaweka bafa (chumba cha kusubiria) kubwa akidhani anatutendea wema, pakiti, yaani kipande cha data, isipotee. Lakini TCP, utaratibu unaosafirisha data nyingi za intaneti, kwa kawaida haijui njia imejaa mpaka pakiti ipotee, kwa hiyo inazidi kusukuma. Pakiti ndogo ya simu ya mtu anayeongea na mwanawe inasimama nyuma ya video nzima. Nunua laini mara mbili ya hiyo, video itaijaza nayo.

Dawa imo kwenye kerneli, yaani kiini, ya Linux, mfumo huria wa kompyuta, tangu 2012: fq_codel. Inampa kila mtiririko foleni yake, inapima pakiti imesubiri muda gani, na kusubiri kukizidi milisekunde 5 kwa milisekunde 100 mfululizo, inaanza kutupa pakiti makusudi. Ndiyo, inatupa, na mambo yanakuwa mazuri. CAKE, mdogo wake, aliingia 2018. Kwenye OpenWrt, mfumo huria wa kuendesha ruta, unaweka kasi chini kidogo ya ile ya laini (mimi huanzia asilimia 90) ili foleni ibaki kwako, isiende kurundikana kwenye modemu ambayo huwezi kuigusa. Jioni ile ping ilitulia chini ya 60, video ikiendelea kupanda.

Ruta ile ya kijijini aliyeitengeneza alikuwa ameshaisahau, masasisho hakuna. Tuliweza kwa sababu OpenWrt ipo, na OpenWrt ipo kwa sababu watu waligundua kuwa ndani ya ruta ya WRT54G kuna Linux, wakadai haki yao chini ya GPL, leseni inayotaka msimbo utolewe, na mwaka 2003 watengenezaji wake, Linksys, wakatoa msimbo. Ruta haikushuka bei hata kidogo. Tulichopata ni ruhusa ya kurekebisha foleni yetu bila kumpigia mtu magoti.

Sasa niseme yale ambayo wenzangu wa kampeni ya programu huria hawapendi yasemwe. Kwenye viungo virefu vya mlingoti kwa mlingoti naacha programu iliyofungwa ya mtengenezaji wa redio. Inapanga zamu za kurusha, na Wi-Fi ya kawaida, ambayo kila mmoja hurusha akidhani hewa ni tupu, inalemewa vituo visipo­sikiana. Na hata ruta ninazoziita huria, nyingi chipu yake ya redio inakuja na kipande cha programu kisichosomeka. Zile zinazotumia ath9k, programu huria ya chipu za Atheros, zilikuwa safi, lakini ni za enzi za Wi-Fi kongwe.   

Kinachoninyima usingizi hasa ni kingine. Uhuru wa kubadilisha programu ni wa anayejua kuibadilisha. Kijiji kile alikuwako msichana mmoja, mwepesi kuliko mimi kwenye mistari ya amri. Akapata kazi mjini, akaondoka, na nilimpongeza kwa moyo wote. Tangu hapo hakuna aliyeigusa mipangilio. Mzee wa mkutanoni nilimwonyesha daftari la matumizi, akaona betri zinavyotula, akalipa. Lakini nenosiri la ruta kuu limeandikwa kwa kalamu ndani ya mlango wa kabati la betri, na ninajua si salama. Nimeliacha hapo hapo.